Ziara ya Chuo Kikuu si Mandari

Kila mwaka shule nyingi za sekondari nchini hupanga safari za kuwapeleka wanafunzi kuvizuru vyuo vikuu. Ni desturi njema, nami ni miongoni mwa wanaoitetea. Mwanafunzi ambaye hajapata kukanyaga ukumbi wa mihadhara huombwa, punde tu baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa, achague kozi na chuo kupitia kwa KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012. Aghalabu huchagua kwa kusikia: jirani kamwambia hili, mjomba kamwambia lile. Siku moja ndani ya chuo yaweza kumfunulia mengi ambayo vijitabu vya matangazo haviyataji. Lakini siku hiyo mara nyingi hupotea bure, na kinachoipoteza si upungufu wa elimu chuoni. Hupotelea barabarani na jikoni.

Neno ziara tulilipokea kutoka kwa Kiarabu, na miongoni mwa Waswahili wa pwani limebeba heshima yake hadi leo. Watu huenda ziara kwenye kaburi la mtu mwema, au kumzuru mwanachuoni aliye mbali. Mandari ni jambo jingine. Watu hufunga vyakula, wakatafuta kivuli, wakala, wakaimba, wakarejea makwao. Safari nyingi za shule ninazozishuhudia huitwa ziara katika barua ya mwalimu mkuu, lakini hupangwa kama mandari, isipokuwa hata kile chakula cha mandari hakipo.

Tuanze na masafa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni takriban kilomita 480, na basi la shule lisilokwenda kasi hutumia karibu siku nzima. Kutoka Lodwar hadi Eldoret kupitia Kitale ni zaidi ya kilomita 350, na Chuo Kikuu cha Moi chenyewe hakiko mjini bali kiko Kesses, mwendo mwingine wa kilomita zaidi ya 30. Ili kuepuka gharama ya malazi, baadhi ya walimu huamua kuondoka usiku wa manane, wafike asubuhi, na kurejea usiku uo huo. Hili ni jambo la hatari, na Wizara ya Elimu imelikataza zaidi ya mara moja. Mnamo Machi 2023 basi la Chuo Kikuu cha Pwani lilipata ajali mbaya karibu na Naivasha. Machi 2024 basi la Chuo Kikuu cha Kenyatta liligongana na trela huko Maungu, karibu na Voi, na wanafunzi 11 wakafariki. Hao walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mwalimu wa sekondari amekabidhiwa watoto ambao wazazi wao wametia sahihi kwenye karatasi na kubaki nyumbani wakihesabu saa.

Kwa wanaosafiri kati ya Mombasa na Nairobi, pana garimoshi la abiria tangu mwaka wa 2017, nalo ni jibu zuri kwa tatizo la usalama. Hata hivyo, kituo cha Nairobi kiko Syokimau na cha Mombasa kiko Miritini, vyote viwili mbali na katikati ya mji. Mwalimu asiyekodi basi mapema la kuwapokea wanafunzi wake atajikuta na vijana 50 walioketi juu ya mikoba yao, wakizongwa na wapiga debe.

Lakini kwani lazima iwe Nairobi? Kilifi pana Chuo Kikuu cha Pwani. Mombasa pana Chuo Kikuu cha Kiufundi, Garissa pana chuo kikuu chake, Bungoma pana Kibabii na Narok pana Maasai Mara. Nitajibiwa kwamba vyuo hivi havina kozi zote, na ni kweli. Ila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu haendi kuhesabu kozi. Anakwenda kuona mhadhara unavyoendeshwa, maktaba inavyotumiwa, na jinsi kijana wa miaka 19 anavyojipangia siku yake bila kengele. Haya yote atayaona umbali wa saa mbili kutoka shuleni kwake, na alale kitandani mwake usiku huo. Nashuku kwamba mara nyingi kinachowavuta walimu Nairobi ni Nairobi yenyewe.

Panapohitajika malazi, mwandalizi hukutana na kitendawili ambacho wachache hukifikiria mapema. Mabweni ya chuo huwa na nafasi wakati wanafunzi wake wameenda likizo. Lakini wakati huo hakuna mihadhara, maktaba ina watu wanane, na mgeni huonyeshwa majengo matupu. Chuo kinapokuwa na uhai, mabweni yamejaa pomoni; wenyewe wanalala wawili wawili kwenye kitanda kimoja. Kwa hiyo yafaa malazi yatafutwe nje ya chuo. Hosteli za makanisa, na zile za YMCA na YWCA, hupokea makundi. Njia rahisi zaidi, ambayo sioni ikitumiwa ipasavyo, ni ya mwalimu mkuu kumwandikia mwenzake wa shule ya bweni iliyo karibu na chuo. Shule hiyo ikiwa katika mapumziko ya katikati ya muhula, vitanda vipo, choo kipo, mlinzi yupo langoni. Wasichana walale penye mwalimu wa kike, na mwalimu huyo asiwe amealikwa siku ya mwisho kwa kukumbukwa tu.

Kuhusu chakula, nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo ziara nyingi hufa. Niliwahi kupokea kundi lililokuwa limesafiri tangu saa kumi za alfajiri. Lilifika saa saba mchana, likaingizwa moja kwa moja ukumbini nilikotakiwa kuwaeleza juu ya taaluma ya lugha. Nilipofikia fonolojia, nusu yao walikuwa wamelala vichwa vikiwa juu ya meza, na waliobaki macho walikuwa wakitazama mlango. Sikuwalaumu. Tumbo tupu halina masikio.

Wengi hudhani kwamba chuo kikuu kina sufuria isiyokauka. Tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa vyuo vyetu vya umma hununua chakula chao sahani kwa sahani, na mpishi wa mesi hupika kulingana na idadi ya walaji aliowazoea. Basi la wageni 60 likitokea saa saba bila taarifa, ugali unaisha, foleni inavunjika, na wenyeji hukasirika kwa haki. Barua itaje idadi, saa, na mambo mengine mawili: nani hali nyama ya aina gani, na nani amefunga. Katika miaka hii mwezi wa Ramadhani umekuwa ukiangukia muhula wa kwanza, ambao ndio walimu wengi huupenda kwa ziara. Mwanafunzi aliyefunga hahitaji chakula cha mchana. Anahitaji tende, maji na uji magharibi inapoingia, popote basi litakapokuwa limefika. Shule zenye jiko karibu na basi zaweza kubeba mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi. Si aibu hata kidogo.

Na dereva? Katika bajeti nyingi yeye hayumo. Wanafunzi hupata magodoro, walimu hupata vyumba, naye huachwa alale juu ya viti akilinda basi. Kesho yake ndiye anayekabidhiwa usukani na roho zote zile kwa kilomita 400. Kitanda cha dereva ningekiweka mstari wa kwanza kabisa wa bajeti, kabla ya fulana zenye jina la shule.

Fulana hizo, kwa hakika, ndizo zinazopandisha mchango. Kila shilingi inayoongezwa humwacha nje mwanafunzi mmoja, naye aghalabu ni yule ambaye kwao hajatokea mtu aliyesoma chuo kikuu. Mwenye dada aliyehitimu atasimuliwa nyumbani. Huyu wa kwanza hana wa kumsimulia. Nikiombwa kuchagua kati ya safari ya siku moja ya darasa zima na ya siku tatu ya wachache wenye uwezo, sitasita. Mchango ukitangazwa mwanzoni mwa mwaka, mzazi huweza kuulipa kidogo kidogo.

Barua kwa Msajili wa Masomo iandikwe miezi miwili kabla. Na wiki mbili kabla ya safari mwalimu apige simu kuuliza kama ilifika, kwani barua za shule zina mazoea ya kulala juu ya meza ya karani hadi basi lifike langoni.