Gitaa la Kwanza la Umeme kwa Kijana wa Kamina

Kijana wa Kamina, mji wa makutano ya reli katika jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, anapotaka gitaa la kwanza la umeme, yafaa wazazi wake wajue kwamba chombo hicho kikiwa peke yake karibu hakina sauti. Nyuzi za chuma zinapotikisika juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, huzalisha mkondo mdogo wa umeme ambao amplifaya huukuza. Kwa hiyo fedha igawanywe kati ya vyombo viwili, na pale ambapo umeme hukatika, amplifaya ndogo ya betri hufaa kuliko kubwa yenye madoido.

Katanga, eneo ilimo Kamina, ilimlea mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga kwa vidole gitaa kavu, lile lisilotumia umeme; lakini muziki wa dansi wa Kongo, ambao wapiga gitaa Docteur Nico na Franco waliuendeleza kwa gitaa la umeme, unadai sauti safi na angavu, nayo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye pikapu ya koili moja, ingawa hiyo huvuma kidogo karibu na nyaya za umeme.

Kabla ya kulipa, shingo ikaguliwe isiwe imepinda, kila uzi upigwe kwenye kila freti, yaani vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni, na nyuzi zisiwe zimeinuka mno, kwani huumiza vidole vya mwanafunzi. Rangi na jina la kampuni visubiri: gitaa lililotumika lenye shingo iliyonyooka ni bora kuliko jipya ambalo nyuzi zake hulegea kila baada ya wimbo mmoja.