Moshi wa Plastiki Jikoni

Mvua zinapoanza katika nyanda za juu za Kigoma, kuni hulowa. Mama wa Mabamba huamka alfajiri, hupuliza meko mpaka macho yakajaa machozi, na moto hauwaki. Basi huchukua kipande cha dumu lililopasuka, au kandambili iliyokatika, akakitia chini ya kuni. Moto hushika mara moja. Desturi hii iko vijijini kwingi, wala hatumlaumu mtu anayetaka uji wa watoto uive mapema. Lakini yafaa tujue ni kitu gani kinachotoka katika moto ule.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya mkufu wa shanga. Plastiki imetengenezwa hivyo. Ni chembe ndogo sana za kaboni zilizoshikana mikono kama shanga, zikafanya mnyororo mrefu. Wataalamu huita mnyororo huo polima. Ule mfuko tuliouita rambo, ambao Serikali iliupiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, ulikuwa na minyororo yenye maelfu ya kaboni. Mshumaa nao una mnyororo wa namna hiyo hiyo, ila mfupi, wa kaboni 20 mpaka 40 hivi. Ndiyo maana plastiki ya mfuko au dumu ikiungua hudondosha matone na kunuka kama mshumaa uliozimwa.

Je, joto hufanya nini? Joto huutikisa mnyororo. Likizidi, mnyororo hukatika, na kila ncha iliyokatika hubaki na mkono mtupu. Mkono huo hautulii. Hunyakua chembe ya hidrojeni kutoka kwa mnyororo wa jirani, na jirani naye hubaki na mkono mtupu, naye hukatika. Ni kama ugomvi wa kilabuni: mmoja akisukumwa humwangukia wa pili, wa pili humwangukia wa tatu, mpaka nyumba nzima inapigana. Vipande vidogo huruka kama mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka.

Kama hewa ni ya kutosha na moto ni mkali, vipande huungua karibu vyote. Lakini chini ya kuni mbichi hewa ni kidogo. Vipande visivyoungua hushikana upya, safari hii kwa kuzunguka kama pete. Hapo ndipo linapotoka lile sizi jeusi, pamoja na benzini. Benzini hii siyo petroli ya gari. Ni kemikali inayojulikana kuwa inaleta saratani ya damu.

Iko plastiki nyingine iliyo mbaya zaidi. Ni ile ya mabomba mengi ya maji, ya ganda la nyaya nyingi za umeme, na ya baadhi ya viatu. Wenye kiwanda huita PVC. Kama chombo kina alama ya pembetatu, tazama namba iliyo ndani yake: 3 ndiyo hii. Mnyororo wake umebeba klorini. Ukipata joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi, hata kabla haujawaka, klorini hung'oka pamoja na hidrojeni ya jirani. Jozi ya kwanza ikitoka, inayofuata hulegea, kama zipu iliyoanza kufunguka. Jozi hizo ni gesi, na gesi hiyo ikikutana na maji ya machoni, puani na kooni hugeuka tindikali. Kwa hiyo macho yakichoma usidhani ni moshi tu.

Vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba wajihadhari zaidi. Ule moto wa kijani wanaoufurahia ni shaba iliyokutana na klorini. Shaba hiyo husaidia kuzaliwa kwa sumu iitwayo dioksini. Dioksini hutua juu ya majani, mbuzi hula, nayo hukaa katika mafuta na maziwa. Ikiingia mwilini mwa binadamu hukaa miaka mingi.

Wengine husema, "Mimi nachoma ile isiyonuka." Pua si kipimo. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo hutoka hata katika kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto wengi wadogo waliougua nimonia. Kuni peke yake zinatutosha kwa hatari. Mtoto aliye mgongoni kwa mama anavuta hewa ile ile, kwa mapafu madogo.

Dawa ya kuni mbichi ni kuziandaa mapema. Jenga kichanja juu ya meko, mahali ambapo ndimi za moto hazifiki, upange kuni za kesho. Weka magunzi ya mahindi na majani makavu ya mgomba ndani ya debe lenye kifuniko. Pasua vijiti vyembamba vya kuwashia. Dumu lililopasuka likate uoteshee miche, au mpe mnunuzi wa chakavu. Kulichoma nyuma ya nyumba hakusaidii. Upepo hupeleka moshi kwa jirani.

Mtu akizidiwa na moshi, mtoe nje penye hewa, mlegeze nguo, mpelekeni zahanati upesi. Msimnyweshe maziwa. Maziwa huenda tumboni, na sumu imo mapafuni. Tone la plastiki likimwangukia mtoto, mwagieni maji baridi safi kwa muda wa dakika 20. Msilibandue lililoganda, maana litang'oka na ngozi. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Funikeni kwa kitambaa safi, mganga wa zahanati ataliondoa mwenyewe.