Hedifoni Juu ya Ushungi: Ipi Yamfaa Msomaji wa Karagita?



Tumeletewa swali na dada zetu wanaoishi Karagita, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, ambao wakazi wake wengi hufanya kazi katika mashamba ya maua. Miongoni mwao wamo mabinti wa pwani waliofuata kazi au waume. Mwalimu wao wa Qur'ani yuko Mombasa. Huwatumia darsa kwa simu, nao husikiliza usiku baada ya kutoka shambani. Chumba ni kimoja, ukuta ni wa mabati, na upande wa pili amelala jirani ambaye zamu yake yaanza alfajiri. Kufungulia sauti ya simu haiwezekani. Visikilizio vidogo vya kuchomeka sikioni huwaumiza, na chini ya ushungi huchomoka. Wauliza basi: katika hedifoni kubwa, zile zinazolifunika sikio lote, ni ipi inayostahili kununuliwa kwa jasho lao?

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya vijana na muziki. Hatukubaliani nao. Anayejifunza tajwidi kwa simu hana mdomo wa mwalimu wa kuutazama. Ana sikio tu. Herufi za swafiri, yaani swad, sin na zay, huishi katika sauti nyembamba za juu kabisa, na chombo kibovu huzikata. Ndiyo maana hata katika simu za kawaida za zamani, ambazo hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ni taabu kupambanua "s" na "f". Vivyo hivyo ha itokayo katikati ya koo na ha itokayo chini kabisa ya koo: asiyezitofautisha katika "Alhamdu" huiharibu maana, na atazitofautishaje iwapo chombo chake hakimletei tofauti hiyo?

Tuliazima hedifoni tatu zinazotumika katika vyumba vya kurekodia: Audio-Technica ATH-M50x, Beyerdynamic DT 770 Pro na Sennheiser HD 600. Tukaongeza ya nne, ya bei nafuu, isiyo na jina la kutajika, kama zinazouzwa njiani. Tulizivaa sisi na watu wa nyumbani kwetu, kila moja kwa muda wa juzuu moja, tukisikiliza kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye msahafu wake mzima wa murattal ulianza kusikika katika redio ya Misri mwaka 1961. Tulimchagua kwa sababu hana haraka, na kila herufi huipa haki yake.

Ile ya njiani ilianguka mtihani mapema. Besi yake ilivimba hata ghunna ikawa mvumo mtupu, na swad ikavaa nguo ya sin. Mito yake haikulifunika sikio bali ililikalia, na kabla ya nusu saa mmoja wetu akaivua, akisema, "Sheikh, darsa halijafika nusu, kichwa chaniuma." Uzito haukuwa sababu, kwani ilikuwa nyepesi kuliko zote. Kinachoumiza ni upinde unaobana na mto mdogo unaoligandamiza sikio. Hizo tatu zina gramu kati ya 260 na 285, nazo huvalika kwa utulivu kwa sababu mzigo umeenea kuzunguka sikio.

Mto nao una hali ya hewa yake. ATH-M50x ina mito ya ngozi ya bandia, ambayo hushika joto. Hilo ni adhabu Mombasa mwezi wa Februari, lakini Naivasha, mahali palipo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, usiku ni wa baridi na joto hilo lina shukrani. DT 770 Pro ina mito ya kitambaa laini cha mahameli, inayopitisha hewa na inayovulika. Kwa mtu wa pwani tungeitanguliza hiyo.

HD 600 ndiyo iliyotupa herufi zilizo safi kuliko zote. Hata hivyo hatuwashauri watu wa Karagita kuinunua, kwa sababu mbili. Kwanza, imetengenezwa kwa upinzani wa omu 300, kwa hivyo simu peke yake huisukuma kwa unyonge. Pili, iko wazi mgongoni. Sauti hutoka nje, na jirani wa ukuta wa mabati atasoma juzuu pamoja nawe apende asipende. Lakini uwazi huo una heri yake: mama aliyeivaa humsikia mtoto akilia. Zilizofungwa, kama hizo mbili nyingine, humhifadhi jirani na humziba mama. Mwenye mtoto mchanga na aache sikio moja nje. Hedifoni za gharama zinazofuta kelele kwa umeme hazitatui jambo hili. Kazi yake hasa ni kuzima mivumo mizito isiyobadilika, kama ya injini.

Je, ushungi? Kitambaa kikiingia kati ya mto na kichwa huacha upenyo, na kinachopotea kwanza ni besi. Miwani hufanya hivyo hivyo. Mpenda ngoma atalalamika, lakini msikilizaji wa kisomo hapotezi kitu kikubwa. Vaeni ushungi mmoja mwembamba wa pamba, usio na pini wala kishada cha nywele chini ya upinde.

Tahadhari yetu ni juu ya kiasi cha sauti. Kipimo kilichotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na 75 kwa watoto. Zikifika 90, saa 40 hizo hushuka kuwa 4 tu. Hapa ndipo chombo kizuri kinapojilipa, kwani herufi zikiwa wazi hakuna haja ya kupandisha sauti.

Kwa kina dada wa Karagita, basi, tumependekeza DT 770 Pro ya omu 32 au 80, ambazo simu huzimudu. Ile ya omu 250 waiache. Kama simu haina tundu la waya, wanunue na kiunganishi chake. Bei ni kubwa kwa mmoja, kwa hivyo wanne wao wamekubaliana kuchanga wanunue moja ya kupokezana, kila mmoja na usiku wake, na mito ioshwe kila Ijumaa.