Kaye ya Laboratwari na Amri ya Nane

Labda msomaji wa Tunda atauliza: shimi ya universite inatuhusu nini sisi wa Maniema, mapadri, waseminari na makatekista? Tujibu kwa kuanza na sufuria ya maji jikoni.

Kindu iko karibu metre 500 juu ya bahari. Pale maji yanachemka kwa digri 98 na kidogo. Bukavu, karibu metre 1.500, yanachemka kwa digri 95 hivi, nayo maharagi yanakawia kuiva. Sababu ni hewa. Hewa ina uzito, nayo inakandamiza maji. Maji hayachemki mpaka nguvu ya mvuke wake ilingane na nguvu ya hewa. Mlimani hewa ni haba, basi mvuke unaishinda mapema.

Kujua hayo kwa kitabu ni rahisi. Lakini mwanafunzi wa miaka ya juu, anayejifunza kupima joto na nguvu za vitu vinapogeuka, anadaiwa zaidi. Katika laboratwari anatia maji katika chupa iliyofungwa, anapunguza hewa kwa pompi, anaandika: kwa nguvu hii ya hewa, maji yamechemka kwa digri hizi. Anarudia mara nyingi. Kisha anafanya hesabu na kutia alama katika karatasi, mpaka alama zipangane katika mstari mmoja. Kwa mteremko wa mstari ule anapata jambo asilolipima kwa mkono: joto la kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke, karibu kalori 540.

Hapo kishawishi kinakuja. Tuseme amepata 510, na kitabu kinasema 540. Hakuna anayemwona. Je, afute? Mwalimu mwema hatazami kwanza jibu, anatazama kaye. Hesabu iliyokatwa kwa mstari mmoja, ingali inasomeka, ina heshima yake. Iliyofutwa kabisa ni uwongo. Ile 510, pamoja na sababu yake, kama vile hewa iliyovuja au termometri iliyowekwa vibaya, inafundisha kuliko 540 iliyoibwa.

Kanisa halikuogopa kazi hii. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Rekta wake wa kwanza, Mgr Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizika. Mwaka 1959 reaktere ya atomi iliwashwa pale, ya kwanza katika Afrika, kwa ajili ya masomo na uchunguzi. Ilikuwa ndogo, ya kilowati 50. Hata hivyo, penye kazi ya namna hii kipimo cha uwongo si mchezo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Vyombo vya kupasulia wagonjwa vinatiwa katika chungu kilichofungwa sana, ambamo mvuke unafika digri 121. Maji yanayochemka wazi hayaui mbegu za vijidudu vyote. Muuguzi akiandika 121 bila kutazama kipimo, ni mgonjwa atakayelipa.

Basi seminari isiyo na laboratwari ianze na sufuria, termometri na kaye. Si lazima kila padri awe mtu wa shimi. Lakini atakayeandika kitabu cha ubatizo, na katekista atakayehesabu wanafunzi wake, wajizoeze mapema kuandika walichokiona, hata kikiwaaibisha. Amri ya nane inashikwa na kalamu pia.