Kiongozi aliyeitwa Kitenge: Katuni ya Marekani na sokwe wa Ziwa Tanganyika

RUMONGE. Mfanyabiashara wa Rumonge anayekwenda Kigoma kwa maji hupita Nyanza-Lac, kisha Kagunga, halafu huiona milima ya Gombe ikishuka hadi ufukweni. Kona hiyo ya ziwa imewahi kutaniwa katika The Simpsons, katuni ya Marekani ya baba Homer, mkewe Marge na watoto wao watatu, iliyo hewani tangu 1989.

Sehemu yenyewe inaitwa Simpson Safari. Ilirushwa na kituo cha Fox tarehe 1 Aprili 2001, Siku ya Wajinga. Aliyeiandika ni John Swartzwelder, akaiongoza Mark Kirkland. Familia inapata safari ya bure ya Afrika kutokana na zawadi iliyosahaulika ndani ya boksi la zamani la biskuti. Wakiwa bado ndani ya ndege wanatangaziwa kwamba Tanzania sasa inaitwa New Zanzibar. Kabla hawajatua jina limebadilika tena, safari hii limebandikwa tangazo la Pepsi.

Anayewatembeza anaitwa Kitenge, na rais wa nchi ni Muntu. Ni sawa na mtunzi wa Rumonge kuandika hadithi ya Ulaya ambamo dereva anaitwa Suruali na mfalme anaitwa Mtu. Mwishoni Kitenge ndiye anayekuwa rais, na labda hilo litawafurahisha wauza vitambaa.

Mbugani wanamkuta mtafiti wa sokwe, Dk Joan Bushwell. Anayetaniwa hapo ni Jane Goodall, Mwingereza aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26. Katika katuni, mtafiti huyo anawachimbisha sokwe almasi kwa siri. Gombe ya kweli haikuwa na mgodi. Kilichokuwepo ni ndizi, ambazo Goodall aliwapa sokwe miaka ya 1960 ili wasogee karibu, jambo lililokosolewa baadaye na wanasayansi wenzake.

Goodall alizoea utani. Mwaka 1987 mchoraji Gary Larson alimchora kwa dhihaka, na watu wa taasisi yake wakaandika barua kali. Mwenyewe alicheka, na mchoro huo ukachapwa kwenye fulana zilizoiingizia taasisi fedha. Larson alipozuru Gombe, sokwe aitwaye Frodo alimshambulia. Novemba 2019 Goodall aliingia katika The Simpsons kwa sauti yake mwenyewe, katika sehemu iitwayo Gorillas on the Mast. Alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Lakini utani wa almasi uliigeuza habari juu chini. Waliofaidika na sokwe hawakuwa watafiti. Walikuwa wauzaji wa watoto wa sokwe, na ili kumpata mtoto mmoja, kwa kawaida mama yake huuawa kwanza. Taasisi ya Goodall ilikuwa na kituo cha mayatima hao Bujumbura. Vita vya Burundi vilipozuka, ilibidi wahamishwe. Kituo cha Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1993 ili kuwapokea. Wa kwanza walikuwa watatu, wakafuata tisa mwaka 1995 na kumi Januari 1996. Kwa hiyo sokwe nao walikuwa wakimbizi, ingawa hakuna katuni iliyosimulia hilo.

Wengine hawakuondoka. Katika hifadhi ya Vyanda, milimani juu ya Rumonge, bado kuna sokwe wa porini.

Burundi, Tanzania na Kongo zote zimo katika mkataba wa CITES, unaokataza biashara ya kimataifa ya sokwe waliotoka porini. Cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomrahisishia mfanyabiashara mdogo kuvusha mzigo usiozidi dola 2,000, hakimhusu mnyama huyo. Nahodha anayekubali kikapu chenye sokwe mchanga katikati ya madumu ya mawese anahatarisha safari ya kila mtu aliyemo kwenye boti.