Rubani wa Jeshi Huanza kwa Kuwa Afisa: Mwongozo kwa Vijana na Wazazi wa Kibimba



Katika mkoa wa Kagera ndege ya kivita si hadithi ya mbali. Wazee wetu wanakumbuka vita vya mwaka 1978 hadi 1979, na makaburi ya mashujaa yaliyoko Kaboya, wilayani Muleba, yanatukumbusha gharama yake. Si ajabu basi kwamba kijana wa Kibimba, awe upande wa Ngara au wa Biharamulo, akiulizwa anataka kuwa nani, hujibu bila kusita: rubani wa jeshi. Ndoto hiyo ni njema. Tunachokusudia katika makala hii ni kueleza njia halali ya kuifikia, ili familia isije ikauza ng'ombe, shamba au mavuno ya kahawa kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Marubani wa aina mbili

Sisi tunasimamia usafiri wa anga wa kiraia. Tunatoa leseni kwa rubani anayebeba abiria na mizigo, tunakagua vyuo vinavyomfundisha na tunapokea malalamiko ya abiria. Hatumchagui rubani wa jeshi, wala leseni yetu haimpeleki mtu jeshini. Mgawanyo huu upo duniani kote. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa sheria za anga za nchi karibu zote, unasema katika Ibara ya 3 kwamba hauhusu ndege za Serikali, yaani ndege za jeshi, za forodha na za polisi.

Rubani wa kiraia hujigharamia masomo au hugharamiwa na mfadhili, kisha hutafuta ajira. Rubani wa jeshi huajiriwa kwanza, na Serikali ndiyo inayogharamia mafunzo yake. Tofauti hii ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote: mtu akikuambia ulipe ili uwe rubani wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, amekwisha kujitambulisha kuwa si mtu wa njia halali.

Historia inathibitisha jambo hili. JWTZ liliundwa tarehe 1 Septemba 1964. Wakufunzi wa kwanza wa kikosi chake cha anga walitoka Ujerumani Magharibi. Hao waliondoka mwaka 1965 kutokana na mgogoro wa kidiplomasia uliozihusu Ujerumani Mashariki na Zanzibar, nafasi yao ikachukuliwa na Wakanada, waliokaa hadi mwaka 1970. Baadaye ushirikiano mkubwa ulikuwa na China. Wakufunzi walibadilika, lakini utaratibu ulibaki mmoja: mafunzo yalipangwa kati ya Serikali na Serikali, na aliyekwenda kujifunza alikwenda kwa amri ya jeshi lake. Hapakuwa na mzazi aliyelipa ada.

Njia ilivyo, hatua kwa hatua

1. *Kuandikishwa.* Makao Makuu ya Jeshi hutoa tangazo kwa umma pale nafasi zinapokuwapo. Tangazo hutaja uraia, umri, elimu, afya na tabia zinazotakiwa. Kikomo cha umri hutofautiana kulingana na elimu, na masharti huweza kubadilika kati ya tangazo moja na jingine. Soma tangazo lenyewe; usitegemee la mwaka uliopita wala maneno ya jirani.

2. *Jeshi la Kujenga Taifa.* Vijana wengi hupitia JKT kabla ya kufikiriwa kwa ajira jeshini, ama kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, ama kwa kujitolea. Maombi ya kujitolea hupitia ofisi za wilaya na mkoa. Kujiunga na JKT si ahadi ya ajira.

3. *Mafunzo ya afisa.* Rubani wa jeshi ni afisa. Wanaochaguliwa kwa uafisa hupelekwa katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha. Wakihitimu hutunukiwa kamisheni na Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu, na kuanza na cheo cha Luteni Usu, chenye nyota moja begani.

4. *Kuchaguliwa kwa urubani.* Katika majeshi ya anga, kuwa afisa hakutoshi kumpa mtu ndege. Hupimwa afya yake upya, uwezo wake wa kufikiri kwa haraka, na utulivu wake. Huanza darasani, akaenda kwenye ndege ndogo ya mafunzo, kisha kwenye kubwa zaidi. Wapo wanaoondolewa katikati ya mafunzo, na kuondolewa huko si aibu. Jeshi la anga huhitaji pia wahandisi, waongozaji wa ndege, wataalamu wa mawasiliano na wa hali ya hewa.

Hivyo basi, mtu mwaminifu hawezi kumwahidi kijana aliye kidato cha nne kwamba atakuwa rubani wa kivita. Hata jeshi lenyewe halitoi ahadi hiyo siku ya kuandikisha.

Yanayowezekana kuanza ukiwa Kibimba

*Masomo.* Shikilia Hisabati, Fizikia na Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kisha Jiografia. Ukifika kidato cha tano, tahasusi kama PCM au PGM zitakufaa. Lugha ya mawasiliano ya anga kimataifa ni Kiingereza. Rubani wa kiraia wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau daraja la nne kati ya madaraja sita yaliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Afisa wa jeshi anayetumwa ng'ambo kwa mafunzo naye huihitaji lugha hiyo, au nyingine ya nchi aendayo.

*Macho.* Pima mapema uwezo wa kuona mbali na wa kutofautisha rangi. Kutotofautisha nyekundu na kijani huwapata zaidi wavulana, na aghalabu mwenyewe hajui mpaka apimwe. Hospitali yenye kitengo cha macho huweza kufanya kipimo hicho kwa muda mfupi. Ni afadhali kulijua jambo hilo ukiwa na miaka 15 na kubadili mipango, kuliko kulijua baada ya miaka kumi ya matumaini.

*Damu.* Selimundu ni tatizo kubwa katika Kanda ya Ziwa. Kwa kuwa oksijeni hupungua kadiri ndege inavyopaa, baadhi ya majeshi ya anga duniani huwachunguza hata wale waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na hawaugui. Kujua hali yako ni faida kwa maisha yako yote, uruke au usiruke.

*Nyaraka.* Hakikisha jina lako ni lilelile katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha Taifa. Mkoa wetu umepakana na nchi jirani, na maswali ya uraia huulizwa kwa makini zaidi. Mzazi afuatilie cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema, asingoje wiki ya tangazo.

*Mwenendo.* Kesi ya jinai, vyeti vya kughushi na matumizi ya dawa za kulevya hufunga mlango. Kughushi cheti, hata kikipita siku ya kwanza, humfuata mtu hadi siku ya uhakiki.

Namna utapeli unavyofanyika

Tuchukue mfano. Tangazo la nafasi limetoka. Siku chache baadaye simu inaita. Anayezungumza anajitambulisha kuwa ofisa wa Makao Makuu, anataja jina la kijana na shule aliyosoma, anasema nafasi za "kozi ya urubani" zimebaki mbili. Anaomba fedha za "fomu", kisha za "vipimo", kisha za "sare". Kila kiasi ni kidogo kuliko mavuno ya msimu, kwa hiyo mzazi anaona kuacha sasa ni kupoteza alichokwisha kutoa. Hapo ndipo ng'ombe anapouzwa.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Unatakiwa utume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Maombi ya kujiunga na jeshi hayalipiwi kwa mtu yeyote.
- Unaharakishwa: "leo kabla ya saa kumi."
- Unaambiwa usimweleze mtu, hata mtendaji wa kijiji.
- Barua ina nembo, lakini imekuja kwa WhatsApp, na anwani ya tovuti haiishii na *mil.tz* kwa jeshi, wala *go.tz* kwa taasisi nyingine za Serikali.
- Unaahidiwa urubani moja kwa moja, bila JKT, bila usaili, bila Monduli.

Ukiona hata dalili moja, kata simu. Kisha chukua tangazo lenyewe, au fika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Ngara au Biharamulo, uulize. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko hasara ya kutouliza.

Ikiwa fedha zimekwisha kutoka

Usione haya, na usingoje. Piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Hifadhi ujumbe, namba na risiti ya wakala; usifute chochote kwa hasira. Toa taarifa polisi. Ujumbe na namba ya tapeli vitume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa taarifa za utapeli wa simu. Palipo na mtumishi wa umma anayedai chochote ili "akusaidie", piga 113 ya TAKUKURU bila malipo.

Tunajua kwa nini wengi hunyamaza. Mzazi huhofu kwamba naye ataonekana ametoa rushwa. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 mtoaji pia ana kosa, na ndiyo sababu tunasema usitoe hata shilingi moja. Lakini aliyedanganywa kwamba analipia fomu halali ni mlalamikaji, na ukimya wake humpa tapeli nafasi ya kwenda nyumba inayofuata.

Ukichagua njia ya kiraia

Kijana aliyekosa nafasi jeshini anaweza kujifunza urubani wa kiraia. Hapa sasa wewe ni mnunuzi, na haki zako ni za mnunuzi. Viwango vya kimataifa vinataka saa zisizopungua 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, na saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwa aliyesoma katika mtaala ulioidhinishwa. Gharama ya kufikia leseni ya biashara inaweza kuzidi shilingi milioni 100. Kwa hiyo:

- Pima afya kwanza kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa, ndipo ulipe ada. Leseni ya biashara inahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza.
- Dai kuona kibali cha chuo, kisha kihakiki kwa mamlaka ya nchi kilipo.
- Lipa kwa awamu, kwa akaunti ya chuo, na mkataba uwe wa maandishi, ukieleza saa ngapi za kuruka unazonunua na utarudishiwa nini mafunzo yakikatika.
- Hakikisha kila saa uliyoruka inaandikwa na kusainiwa katika kitabu chako.

Kwa aliyekwisha vikwa nyota

Afisa kijana anayesubiri kuchaguliwa kwa urubani tunamwambia mambo matatu. La kwanza, timiza vizuri kazi uliyopewa sasa, hata kama ni ya ghala au ya magari, kwa kuwa mkuu wako atakupima kwa hiyo. La pili, mweleze daktari ukweli. Ugonjwa uliofichwa ardhini hujitokeza angani. La tatu, ungama kosa lako mapema. Katika anga, ya kiraia na ya jeshi, rubani anayeogopwa na wenzake ni yule asiyesema "nimekosea."

Mzazi, somo hilo laweza kuanzia nyumbani. Mtoto anayeruhusiwa kusema "nimekosea" bila kupigwa atakueleza pia siku namba ngeni itakapompigia na kumwahidi ndege.