Rekodi za bando, njia panda ya Tinde

Shinyanga imezoea kutajwa kwa rekodi. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ikaenda kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Tinde hatuna almasi. Tuna njia panda: malori ya Rwanda na Burundi yanashika ya Kahama, mabasi ya Mwanza yananyoosha Shinyanga, na pembeni kila mtu kainamia simu. Uliza nani ana intaneti ya nyumbani, utaoneshwa simu hiyohiyo.

Safari ndefu kuliko zote ni ya picha yako ya WhatsApp: mnarani, kwenye faiba hadi Dar es Salaam, halafu chini ya bahari. Waya wa kwanza wa bahari kufika Tanzania, SEACOM, ulifunguliwa Julai 2009. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na waya mwenzake, EASSy, zilipokatika, wa faiba na wa bando walilia pamoja. Kipande kifupi kuliko vyote ndicho kinachokosekana. Mkongo wa Taifa umeshafika Shinyanga na unakwenda hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga, ila nyumba nyingi za huku bado zinasubiri zile hatua chache za kutoka barabarani hadi mlangoni.

Bei mpya zilizoishi muda mfupi kuliko zote ni za vifurushi vya Aprili 2021. Watu walipiga kelele, zikasitishwa kabla ya wiki kuisha.

Na neno lililotiwa chumvi kuliko yote ni "bila kikomo". Niliwahi kulipia ruta ya laini kwa mtandao mmoja. Wiki ya tatu kasi ikaanguka. Nikapiga huduma kwa wateja, binti akanijibu kwa upole kwamba bando lipo, halijaisha. Kweli halikuwa limeisha! Kikomo kilikuwa kimehamia kwenye saa: filamu ya GB 1 kwa Mbps 10 inashuka kwa dakika 13 hivi, kwa Mbps 1 ni zaidi ya saa mbili. Kwa meseji na kutuma pesa, hata kasi hiyo ya chini inatosha kabisa. Kwa mtoto wa chuo anayefuatilia mhadhara huku mdogo wake anatazama katuni, hapo ni ugomvi.

Saa ngumu kuliko zote ni saa mbili usiku. Mnara ni kama kisima: maji ni yaleyale, foleni ndiyo inayorefuka. Faiba nayo watu hugawana, ila kisima chake ni kirefu mno. Kwa hiyo mimi nasema nyumba ya watu wawili bando la mwezi linaitosha. Shule, au gesti, hapana.

Ruta iliyofungwa juu zaidi niliyoiona huku ilikuwa ya gesti, imening'inizwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha, uso umeelekea mnarani. Nywila imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Dereva wa lori akaingia na vumbi lake.

"Mama, waifai ipo?"

"Ipo, baba. Ila ngoja hawa wa mpira wamalize."